Mwaka Niliokuwa Ziwa

Tulipotoka makaburini kunawa mikono, profesa mmoja aliyekuja na gari la chuo kikuu alisimama chini ya turubai akasoma karatasi kuhusu marehemu. Alisema Daktari Spéciose alikuwa mtaalamu wa tamthilia, na kwamba utafiti wake ulihusu maonyesho ya bunilizi ya kisayansi na nafasi ya mazingira ndani yake. Nyuma yangu maman mmoja alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Ile ni kazi gani?" Mwenzake akafikiri kidogo. "Ni ya kufanyisha batoto teatre juu ya mambo itakuya kesho kesho." "Aah. Sasa yeye alijuaka mambo ya kesho?" "Angelijua, angelikufa?" Wakacheka kwa pua, kama watu wanavyocheka msibani, na mimi nikainamisha kichwa. Swali la mambo ya kesho liliwahi kuulizwa nyumbani kwetu miaka minne iliyopita, na siku ile hakuna aliyecheka. Profesa alipomaliza aliomba yeyote aliyefundishwa naye aseme neno. Clarisse, rafiki yangu wa shule, alinifinya mkono. Nilitazama viatu vyangu mpaka mtu mwingine akasimama. Nina miaka kumi na tisa na mdomo wangu bado ni mzito vilevile. Kwa hiyo naandika.

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, Gihundwe, upande wetu wa ziwa. Daktari Spéciose alifika shuleni akiwa na viatu vya vumbi na mkoba wa kitenge, akaomba wanafunzi wachache wa kufanya nao kazi. Alikuwa amekulia ng'ambo ya mpaka, Bukavu, kama wazazi wa wengi wetu, kwa hiyo alizungumza nasi Kiswahili chetu badala ya Kifaransa cha chuo, na hilo peke yake lilitufanya tumwamini haraka kuliko ilivyofaa. Mwalimu mkuu alinitaja mimi, nafikiri kwa sababu sikuwa msumbufu. Tukapewa depo ya samaki iliyoachwa, chini kabisa, karibu na maji. Bado naweza kuiona: ukuta wa matofali usiopakwa chokaa, bati lililotoboka ambapo jua lilishuka kwa vijiti vyembamba, makasha ya samaki yaliyopangwa kama viti, na ile harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, iliyoingia kwenye sakafu ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa. Daktari alileta kila mara termos ya chai, mikate na avoka, na alikuwa anakata avoka kwa kijiko, akitugawia kama tuko mezani kwake. "Munaonaka mu teatre," alisema siku ya kwanza, "mulima iko nyuma, imechorwa ku kitambaa. Muto iko nyuma. Bantu njo banasema tu, banasema, banasema. Miye nataka mulima iseme. Na juu leo haiwezi kusema, tunaenda mbele, miaka mia, fasi kila kitu inawezekana. Tunauliza: na kama?" Clarisse, ambaye hajawahi kuogopa mtu mzima yeyote, akajibu, "Na kama tungekula kwanza, Madame?" Daktari alicheka hadi akashika ukuta.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Miaka mia mbele, watu wote wamehamia juu milimani na wana mashine za kuonja hewa kabla hawajaivuta. Hakuna anayeshuka ziwani tena. Injinia mmoja kijana, ambaye alikuwa Clarisse, anavaa barakoa na kushuka peke yake kuliuliza Ziwa kwa nini limewafukuza watu. Ziwa nilikuwa mimi. Daktari alisema alinichagua kwa sababu ninajua kunyamaza, na anayejua kunyamaza akisema watu watageuka. Lakini hakutupatia maandishi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi, na ndiyo iliyotuletea yote. Kila mmoja aliyepewa kitu cha mazingira alipaswa kwenda ufukweni, kukaa, kuweka miguu majini na kungoja bila kusema mpaka maneno yaje yenyewe. Wengine walikaa nyuma yake kimya. Mmoja alishika karatasi na kuandika kila kilichosemwa. Hakuna aliyeruhusiwa kucheka wala kuuliza umeyatoa wapi.

Mimi niliogopa ziwa. Si kuzama, kwani nilijua kuogelea kidogo. Niliogopa kile mwalimu wa jiografia alichotuambia siku moja bila hata kugeuka kutoka ubaoni: kwamba kule chini kabisa maji yamebeba gesi, nyingi sana, na kwamba mahali pengine duniani ziwa dogo liliwahi kuachia yake, na watu wakakutwa mahali walipokuwa, hawana jeraha, hawana pumzi. Kisha akaendelea na somo la mito. Tangu hapo nilikuwa nikipita njia ya juu, ya mbali, ili nisilione ziwa nikiwa peke yangu. Sasa nilisimama juu ya mawe na soksi mkononi. "Aline," Clarisse aliita nyuma yangu, "ata bata inaingia." "Bata haina akili," nilimjibu, na wote wakashangaa kwa sababu lilikuwa jibu refu kwangu. Niliingiza miguu. Maji hayakuwa baridi kama nilivyotegemea, na hilo liliniogopesha zaidi. Nilingoja. Halafu mdomo wangu ukafunguka, nikasikia mtu anasema: "Miye ni ziwa. Nimebana pumzi mbele ya bababu benu bazaliwe. Siku nitachoka, nitaiachilia. Haitanuka. Haitapiga hodi. Itapanda mulima polepole, sawa mugeni hataki kuamusha batoto."

Kisha nikamsikia Daktari akimwambia mwenye karatasi, "Andika," na mimi akaniambia, "Usiiguse tena. Iache vile." Nilipoenda kula, avoka ilinitoka mkononi mara mbili. Leo ninajua kwamba maneno yale yalitoka ubaoni kwa mwalimu wa jiografia, yakapitia hofu yangu na kutokea mdomoni. Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba sikuyatunga.

Nyumbani tulikuwa na vyumba viwili na jiko, na kati ya chumba changu na jiko ukuta ulikuwa na ufa wa tetemeko la zamani, mpana kiasi cha kupitisha moshi. Jioni nilijifunika blanketi nikafanya mazoezi ya sauti ya Ziwa, ile nzito, isiyo na haraka. Upande wa pili Maman alikuwa anakaanga sambaza. Kila asubuhi alishuka ufukweni kununua kwa wavuvi, akazianika, na akavuka nazo daraja la mpakani la Rusizi II kwenda kuziuza Bukavu. Zilizokatika ndizo tulizokula. Nilipotoka, sambaza zilikuwa zinaungua juu ya mbabula ya makaa na Maman hakuwa anazitazama. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwahi kunisikia nikiunganisha maneno mengi hivyo. "Nani alikuambia ile maneno?" aliuliza. "Hakuna, Maman. Ilikuya tu." Lilikuwa jibu la kweli, na sikuweza kuchagua jibu baya kuliko hilo. Tulikula sambaza nyeusi, na Maman hakulalamika.

Kesho yake, baada ya soko, kikundi chake cha maombi kilijaa sebuleni kwetu, wakiongozwa na Maman Riziki, fundi wa cherehani mwenye macho yanayokupima mabega hata anapokuombea. Walinikalisha katikati. Niliwaambia mara moja, kwa sababu nilishaona mambo yanaelekea wapi: ni teatre, kuna Daktari wa chuo kikuu, ni mchezo. Maman Riziki akatikisa kichwa kwa upole. "Kila muntu Mungu anatuma anasemaka kwanza, hapana, si miye."

"Ni teatre kabisa, Maman Riziki."

"Ile Daktari njo anakufundisha maneno ya kusema?"

"Hapana. Tunakaa, tunangoja. Maneno inakuya."

Wakatazamana. "Na ikikuya?"

"Mumoja anaandika."

"Na bengine?"

"Banasikiliza."

Maman Riziki akakunja mikono juu ya kitenge chake. "Sawa sisi," alisema. Na ilikuwa hivyo. Kila Jumatano, katika chumba kilekile, niliwasikia kutoka chumbani kwangu: wanakaa, wanangoja, mmoja anasema kinachomjia, mwingine anaandika, hakuna anayeuliza umeyatoa wapi. Daktari Spéciose alisoma nchi za mbali ili kuivumbua njia ambayo akina mama wa mji wetu wa Kamembe walikuwa nayo bila kuiita kitu. Leo naweza kulisema hilo nikitabasamu. Siku ile nilikaa katikati ya vitenge vyote vile nikiwaza jambo moja. Ikiwa njia ni ileile, nani angejua kipi ni mchezo na kipi si mchezo? Mimi mwenyewe sikujua.

Maman akaacha kushuka ziwani. Hakutangaza, aligeuza tu beseni lake juu chini nyuma ya mlango. Tukaanza kula bugali na sombe ya majani ya muhogo isiyo na kitu ndani, kisha bugali na chumvi. Jioni moja nilimsikia akiongea kwenye simu na kaka yake wa Nyakarenzo, juu milimani, sauti imebanwa na kiganja. "Nipe ata ile chumba ya mbuzi... Nitalima... Aline? Shule ataiwacha kwanza. Uhai njo ya kwanza, zingine zitafata." Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa. Tungeondoka Jumapili baada ya ibada. Onyesho lilikuwa Jumamosi. Nyakarenzo si mbali, mtu atasema, lakini kutoka kwa mjomba hadi shule yoyote ya sekondari ilikuwa mbali kwa msichana asiye na nauli ya pikipiki, na nilishaona wasichana wa kule waliosema wameacha "kwanza". Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili ambazo hazikuelewana. Nikitaka tubaki, nalitaka ziwa. Nikilikimbia ziwa, nakimbia shule. Usiku hofu hizo zilibadilishana zamu.

Nilimwambia Daktari. Alisimama palepale, akaacha termos wazi, akapanda nami mpaka nyumbani. Maman alimpokea kwa adabu zote, akampa kiti chenye mgongo, akampa chai ya maziwa ambayo sijui aliitoa wapi. Daktari alieleza kazi yake vizuri, kwamba ni kuwaza tu, kwamba anataka watu walisikie ziwa wakalitunze. Maman alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Daktari, gazi iko ama haiko?"

"Iko, Maman Aline. Lakini kuko bataalamu, banaipima kila siku, kuko na mashine inaitoa kidogo kidogo wanafanya umeme..."

"Minakuuliza kama inaweza toka."

Daktari aliangalia kikombe chake. Angeweza kusema hapana. Nilimwomba kwa macho aseme hapana. "Inaweza," alisema. "Pengine haitatoka, ata bajukuu bako bazeeke. Lakini inaweza."

"Aksanti," alisema Maman. "Ongeza sukari."

Nilimsindikiza Daktari mpaka barabarani. Alitembea taratibu, mkoba unampiga mguuni. "Miaka yote," alisema, "niliuliza namna gani bantu basikie ziwa. Sikuulizaka, bakisha kusikia, batafanya nini." Hakuwa ananiambia mimi hasa. Nilitegemea mtu mzima mwenye vitabu vingi atanitoa katika lile shimo, na nikaona naye anaogopa, ila yeye aliogopa kazi yake.

Jumamosi depo ilijaa. Wazazi walikaa kwenye makasha, wavuvi wakasimama mlangoni mikono nyuma, na mstari wa mbele kabisa, wamevaa vitambaa vyeupe vichwani kama siku ya kufunga na kuomba, wakakaa Maman na akina mama wa maombi. Hawakuja kuangalia mchezo. Walikuja kusikia yote, mpaka neno la mwisho, kabla ya kuondoka. Nilisimama nyuma ya turubai nikiwa nimefunikwa wavu wa zamani wa sambaza ambao Daktari alikuwa ameupaka rangi ya buluu, na kila uzi ulinuka samaki. Clarisse aliingia na barakoa yake ya kidumu kilichokatwa. Alizunguka, akaonja hewa na mashine ya makopo, watu wakacheka, akapiga magoti ukingoni. "We Ziwa," aliita. "Ju ya nini ulitufukuza?"

Nilitoka. Nikasimama. Hakuna kilichotoka mdomoni. Clarisse aliuliza tena, kisha mara ya tatu, na jicho lake moja likaniambia mambo mengine kabisa. Mvuvi mmoja mlangoni akasema, "Ziwa imekauka," na depo nzima ikacheka, isipokuwa mstari wa mbele. Maman Riziki akaanza kuvuma kwa midomo iliyofungwa, chini sana, jinsi wanavyofanya pale mtu amepewa neno na linakataa kutoka. Mmoja akamfuata, na mwingine. Kicheko kikafa. Mvumo ule ulipanda kutoka sakafuni ukaingia kwenye miguu yangu, na maneno yakatoka yote, moja kwa moja, mazito, na sikuwahi kuyasema hivyo kwenye mazoezi: nimebana pumzi, nitachoka, haitanuka, haitapiga hodi. Mwanamke mmoja alianza kulia. Wavuvi hawakuwa na mikono nyuma tena. Maman alikuwa ameshuka kutoka kwenye kasha, yuko magotini juu ya sakafu ya samaki, ananitazama kama hajui jina langu.

Ndipo nikaelewa kitu kilichonitisha kuliko gesi. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema, kwa sauti ileile, "Maman Aline, usiondoke. Mutoto wako asome," naye angebaki. Asingeuliza. Maneno yalikuwa tayari nyuma ya meno. Clarisse alinisubiri, kwani kwenye mchezo nilibakiwa na sentensi moja tu. Niliangalia magoti ya Maman na nikajua kwamba nikisema vile nitamaliza shule, na kuanzia siku ile sitakuwa tena na mama nyumbani. Nitakuwa na muumini.

Nikavua wavu. Ulininasa sikioni, nikauvuta vibaya, nikaumia. Nikasema kwa sauti yangu, ile nyembamba, "Maman. Ni miye. Hakuna mutu aliniambia kitu. Ziwa haikuniambia. Sijue kama itatoka ama haitatoka. Niko naogopa tu. Ile yote mulisikia, ni woga yangu." Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza mbele ya watu, na yalikuwa ya kuharibu onyesho. Daktari alikuwa kando, karatasi kifuani. Hakunizuia.

Maman Riziki aliacha kuvuma, akanitazama mabega, kisha akajifunga upya kitambaa chake kana kwamba kimelegea. Maman alibaki chini. "Weye njo unaogopa?" aliuliza, siyo kwa ukali. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, cha kukauka. "Miye, kila asubui nikifika pale chini, ninasimamaka kwanza nyuma ya ile nyumba ya mawe. Ninavuta pumzi mingi, sawa mutu anaenda kuzama. Halafu njo ninashuka kununua. Miaka yote. Bauzishaji banasema, Maman Aline anachelewaka juu ya kiburi." Akina mama waligeuka kumtazama. "Niliposikia mutoto anasema ku ukuta, nilifurahi. Mutanisamehe. Nilisema, kumbe si miye peke yangu. Kumbe Mungu naye anaona. Sasa naweza ondoka bila bantu banicheke." Mvuvi yule wa mlangoni alivua kofia. "Maman," alisema, "ata sisi. Tunaimbaka kule katikati, munafikiri ni furaha?" Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema amen. Clarisse, na barakoa yake shingoni, akakaa chini palepale katikati ya jukwaa, na Daktari akaanza kumimina chai, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Jumapili hatukuondoka, na hatukusema kwamba hatuondoki. Mizigo ilibaki imefungwa mlangoni. Jioni Maman alifungua mmoja kutoa sufuria, kwa kuwa tulihitaji kupika, na kesho yake akafungua mwingine kutoa shuka. Alimpigia mjomba simu akaongea naye habari za mbuzi tu. Daktari alirudi chuoni kabla ya mvua; aliniandikia baadaye kwamba ameandika juu ya depo ile, na kwamba hajui kama onyesho lilishindwa au ndilo pekee alilowahi kufanya. Sikumjibu vizuri. Nilidhani nina muda.

Siku Maman alipoligeuza tena beseni lake na kulichukua ilikuwa asubuhi ya kawaida, ukungu bado uko juu ya maji. Nilivaa sare ya shule nikamfuata bila kuombwa, ile njia ya chini, si ya juu. Kwenye nyumba ya mawe akasimama, nami nikasimama kando yake. Chini wavuvi walikuwa wanamwaga sambaza kwenye turubai, zinameta. Ziwa lilikuwa tulivu na sikuamini utulivu wake hata kidogo.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Sana," alisema Maman. "Shika beseni huku."